Ngazi Juu ya Barafu

Hylke alizama Januari,
katika mfereji ulio nyuma ya kiwanda cha jibini.
Mimi nina miaka saba, yeye mitano.
Barafu ililia kwanza, si mlio wa kioo,
mlio wa mlango mzito
unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.
Halafu kofia yake, peke yake, inaelea.

Nililala kifudifudi, nikaisukuma ngazi ya mbao.
Glavu zangu nyekundu zikaganda kwenye kidato,
nikachomoa mikono, zikabaki zimeng'ang'ania,
na baridi ikaniingia vidoleni ikakaa.
Imekaa hadi leo. Ndiyo maana
kikombe cha chai nakiacha kinichome.

Niliiandikia insha, nikatuzwa kalamu ya wino.
Nilimsimulia Wiebren kabla hajanichumbia;
alinishika vidole, kimoja kimoja,
nadhani ndipo tulipooana.
Wanangu wanaijua kunishinda.
Nikiruka mahali wananirudisha: "Mama, kofia!"

Mwaka huu tulimzika mama, kwa mvua ya rasharasha.
Baada ya kahawa na mkate wa zabibu kavu
shangazi Sjoukje alinivuta kando ya makoti:
"Unaisimulia vizuri. Lakini wewe hukuwepo.
Ulikuwa hospitali, Leeuwarden, umekatwa mafindofindo.
Mama yako alikupigia simu wodini.
Ulilia mpaka muuguzi akakupa aiskrimu."

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka,
maana ulimi ulikuwa umeshaionja ile aiskrimu,
vanila, kijiko cha bati,
na sikujua kama naikumbuka
au nimeipika papo hapo, nimesimama na sahani mkononi.

Kadi ilikuwa kwenye kopo la vifungo.
Kulazwa, tarehe tisa. Kuruhusiwa, tarehe kumi na nne.
Hylke alizama tarehe kumi na moja.

Mimi ni karani wa mahakama.
Miaka ishirini na tisa napiga chapa:
*shahidi asema aliona kwa macho yake mwenyewe.*
Aliwahi kuja mtaalamu mmoja, mwembamba, ana mafua,
akasema kumbukumbu si ghala,
kila uifunguapo unaishona upya
na uzi ulio nao siku hiyo.
Niliandika bila kukosea herufi.
Sikumsikia hata neno.

Basi ngazi aliisukuma nani?
"Froukje," alisema shangazi, "yule binti wa mwashi."
Froukje! Dawati la nyuma, soksi zisizolingana.
Alikuwemo darasani siku insha yangu iliposomwa.
Alipiga makofi pamoja na wengine.

Nilikwenda kwake Sneek, anatengeneza baiskeli.
Nilibeba keki, kama mdeni.
Njiani nilijipangia maneno: nimekuibia,
bila kujua, lakini wizi ni wizi,
nimekula sifa yako, nimeolewa nayo,
chukua, ni yako.

Alijifuta grisi, akanisikiliza hadi mwisho.
Akasema: "Nani kakudanganya?
Tulikuwa wawili. Wewe ulikuwa kushotoni kwangu.
Ulikuwa na glavu nyekundu."

Nikamwonyesha kadi. Akavaa miwani,
akaisoma, akaigeuza nyuma, akanirudishia.
"Hospitali nao hukosea tarehe," alisema.

Nilimpigia Hylke jioni ile.
Ana miaka hamsini na mbili, haogelei.
"Niulize maji," alisema. "Maji nayajua, yalikuwa ya kijani.
Huko juu sikumwona mtu."

Tangu hapo Froukje huja Jumapili.
Tunakula, tunanyamaza, tunarudi palepale mferejini,
sote wawili tumelala kifudifudi.
Tunapatana juu ya kofia. Tunapatana juu ya mlio.
Ngazi ndiyo imetushinda.
Yeye anasema ilikuwa ya chuma.
Mimi, ambaye sikuwepo,
najua ilikuwa ya mbao.